Ardhi ya Ncha ya Sindano

Kagendo wangu,

Mama yako amekupeleka sokoni Kibirichia kusukwa nywele, na najua mkienda kwa yule msusi hamrudi kabla ya saa kumi na moja. Nimebaki na mvua, na cherehani, na sanduku lako ambalo limefungwa na kufunguliwa mara tatu tangu asubuhi. Kesho saa kama hizi utakuwa Nairobi ukingoja ndege ya kukupeleka India. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutokunywa maji ya bombani, mama yako atakuambia, na akimaliza atakuambia tena. Mimi nina jambo lingine. Nimelikalia muda mrefu mno, na nikijaribu kulisema kwa mdomo litatoka limepinda.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Utashangaa, maana nyumbani tunaongea Kimeru hata na kuku. Lakini Kiswahili changu cha kweli nilikipata kwenye veranda ya duka mjini Meru, na hadithi ninazotaka kukukumbusha nilizisikia kwa lugha hiyo. Tena kuna maneno ambayo nikiyaandika kwa Kimeru nitasikia sauti ya marehemu baba yangu akiyasoma, na nitaacha kuandika.

Unajua kwamba kabla sijarudi huku juu kulima viazi nilikuwa fundi wa nguo. Duka lilikuwa la vitambaa, la Mhindi mmoja, na nje kwenye veranda kulikuwa na cherehani mbili, yangu na ya mwenzangu Kirimi. Ndani, karibu na mlango, aliketi mama mzazi wa mwenye duka. Kila mtu alimwita Ba, ambalo kwao ndilo neno la mama. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye miwani mizito, na kazi yake ilikuwa kuchambua mchele kwenye sinia na kugombana na wateja walioshika vitambaa kwa mikono ya matope. Mimi alinigomba siku ya kwanza kabisa kwa sababu nililamba uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano. "Hapana kula uzi ya mimi," aliniambia.

Mchana, wateja wakipungua, alisimulia. Nadhani alichoka kunyamaza, maana wajukuu wake walikuwa wanasoma Nairobi na mwanawe hakuwa na muda wa kumsikiliza. Zilikuwa hadithi za kale za kwao, ndefu kuliko masika, za watoto wa ukoo mmoja waliogombania ufalme mpaka wakamalizana. Majina yalikuwa marefu na ulimi wangu uliyakataa, kwa hiyo mimi na Kirimi tuliwabatiza upya: Mpiga Mshale, Kaka Mkubwa, Mfalme Kipofu, Malkia wa Kitambaa. Huko uendako utasikia majina yao halisi. Ukiyasikia, usinicheke.

Ba alikuwa na tabia moja. Akifika mahali pa kupumzika, alikuwa anaweka sinia chini, anatutazama juu ya miwani, na anauliza, "Sasa sema. Ndani ya hii, wewe nani?"

Mimi nilijibu Mpiga Mshale. Kirimi naye alijibu Mpiga Mshale, na tukabishana kama watoto wa darasa la pili. Huyo ndiye aliyekuwa hodari, mzuri wa sura, rafiki wa Mungu mwenyewe. Ba alicheka mpaka mchele ukaruka. "Mimi kaa hii duka miaka arobaini," alisema. "Kila mtu sema yeye Mpiga Mshale. Basi mabaya yote hii nani alifanya?"

Sikuelewa. Nilimwona bibi mzee anayependa utani, basi.

Siku moja jora zima la kitambaa cha yunifomu lilipotea, na mwenye duka akamfukuza Kirimi mbele ya watu. Wiki mbili baadaye jora lilionekana limeanguka nyuma ya rafu. Hakuna aliyetumwa kumwita Kirimi. Nilikasirika, na kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumkasirikia mwenye duka, nilimkasirikia mama yake. Nikamwambia, "Na wewe Ba, kila siku unatuuliza sisi. Wewe ni nani ndani ya hadithi?"

Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Mimi Malkia."

Malkia wa Kitambaa alikuwa mke wa Mfalme Kipofu. Siku ya arusi yake alijifunga kitambaa machoni asione zaidi ya mume wake, na watu wakamsifu kwa mapenzi hayo. Akaishi hivyo maisha yake yote. Wanawe wakakua wabaya ndani ya nyumba yake naye hakuwatazama usoni. "Mimi juwa Kirimi hapana chukua," Ba alisema. "Lakini ile mtu fukuza Kirimi ni mtoto ya mimi. Basi nilifunga kitambaa." Kesho yake alivaa viatu vya kutokea, akapanda gari na mwanawe, wakaenda kumtafuta. Waliambiwa alishahamia Embu na hakuna aliyejua mtaa. Ba alirudi akakaa kwenye kiti chake, na siku hiyo hakusimulia chochote.

Ningekuwa na akili, ningejifunza siku hiyo. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye cherehani.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Unamfahamu shangazi yako, yule uliyepewa jina lake. Umemwona mara chache sana, kwenye mazishi na arusi, akisalimia watu wote na kunipita mimi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakuambia shangazi yako ana hasira za karibu. Huo ulikuwa uongo. Dada yangu hana hasira za karibu wala za mbali. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko yeye, na bado akanibeba.

Alipoolewa Kiambere, kule chini kwa Wambeere kwenye joto, mahari yake ilikuja na ng'ombe. Ng'ombe mmoja aliuzwa, nami nikanunuliwa cherehani. Ni hii hapa, ninayoegemeza kiwiko nikikuandikia. Kwa hiyo kila suruali niliyoshona Meru, kila karo niliyolipa, na hata sindano yenyewe, ilitoka kwake. Hilo sikulificha. Nililisimulia kwa fahari, kama vile kuolewa kwake kulikuwa ujanja wangu.

Baba yangu alipougua, aliniita. Mama yangu alikuwepo. Alisema, "Kile kipande cha chini, pale kijitoni, kama Kagendo atarudi siku moja, ni chake. Wewe mshikie." Nikasema ndiyo. Alipofariki, shamba lote liliandikwa jina langu, nami nikaweka hati kwenye sanduku la bati. Hakuna aliyeuliza. Desturi yetu unaijua: binti aliyeolewa ameshahesabiwa kwa watu wengine.

Miaka miwili baadaye alirudi. Mume wake alikuwa ameleta mke mwingine, na yeye akaambiwa njia ni nyeupe. Alifika jioni, viatu vimejaa vumbi jekundu la Kiambere, na kiondo cha ndengu mgongoni, kwa sababu hakuzoea kuja kwa mdogo wake mikono mitupu. Mama yako, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimemuoa, alizipika. Tulizila zile ndengu wiki nzima. Siku ya nane aliniomba mahali pa kusimamisha nyumba. Hakutaja kijito. Hakujua baba alisema nini, na mimi sikumwambia.

Nilimjibu hivi, na nayaandika maneno yenyewe ili nisijipunguzie: "Mahari yako ililiwa ikaisha. Hapa sina hata mahali pa kuweka debe la viazi."

Alinitazama kidogo. Akachukua kiondo chake kitupu, akasema, "Haya, mwana wa mama." Akateremka. Alikwenda Mikinduri akapanga chumba sokoni, na unajua anauza nini mpaka leo? Viazi. Anavinunua kwa majirani zetu huku juu na kuvipima kwa debe.

Wewe ulizaliwa miaka kadhaa baadaye, binti wa tatu, na kwa desturi jina likawa lake. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia, sasa nimemlipa. Nilimnyima dada yangu udongo nikampa jina, na nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Utauliza hadithi za Ba zilikuwa wapi muda huo wote. Zilikuwa kichwani mwangu, nazipenda, nazisimulia. Nilikuwa ninazitumia kuwapima watu wengine. Chifu akipendelea mwanawe, nilisema huyo ni Mfalme Kipofu. Jirani akinyamazia ubaya, nilisema huyo amejifunga kitambaa. Nilikuwa na kipimo kwa kila mtu, kama fundi anayeshonea mji mzima na yeye mwenyewe anatembea na suruali iliyopasuka nyuma.

Mara moja tu nilishtuka kabla hujanishtua wewe, na ilikuwa ya kuchekesha. Palikuwa na harambee ya kujenga kanisa. Watu walikuwa wakipigiwa makofi, nami makofi yakanipanda kichwani, nikasimama nikatoa ndama. Ndama mwenyewe alikuwa wa mama yako, aliyepewa na mama yake. Tulirudi nyumbani, mama yako ametangulia. Mlangoni akaniuliza, "Ulipokuwa unamtoa ndama wangu, ulikuwa nani?"

Nilibaki nimeshika kitasa. Kwa sababu katika hadithi, Kaka Mkubwa, mtu mwema asiyejua kusema uongo, alikuwa na udhaifu mmoja: akiitwa kwenye mchezo wa kete hakuweza kukataa. Alicheza akapoteza ng'ombe, akapoteza nchi, akaweka ndugu zake, akajiweka mwenyewe, na mwisho akamweka mke wake. Na yule mke, alipokokotwa mbele ya baraza, aliuliza swali ambalo wazee wote walishindwa kulijibu: huyu mume alikuwa amekwisha kujipoteza mwenyewe, sasa aliniweka mimi kama nani? Mama yako hakuwahi kusikia hadithi ile. Aliuliza swali lilelile kwa sababu ya ndama. Nilimwomba radhi, na ukimuuliza atakuambia kwamba ndama mwingine hajamwona.

Wewe ulikuwa na miaka minane siku ninayotaka kukukumbusha. Labda umesahau. Tulikuwa jikoni, unamenya viazi vya kupondea mukimo, unamenya vibaya, ganda nene. Ukaniomba hadithi ya Wahindi. Nikakusimulia pale ambapo wale ndugu watano, Kaka Mkubwa na Mpiga Mshale na wenzao, wamerudi kutoka uhamishoni msituni, na wanaomba nchi yao kwa binamu yao aliyeishikilia. Wanaomba nusu. Anakataa. Wanashusha wanaomba vijiji vitano tu. Binamu huyo, mwana wa Mfalme Kipofu, anasimama mbele ya watu anasema: sitawapa hata ardhi ya kutosha ncha ya sindano.

Nilikusimulia kwa mbwembwe zote, kama Ba alivyokuwa anasimulia. Nilichomoa sindano kwenye kola ya shati langu nikakuonyesha ncha. Nikakuuliza, "Umeona udogo wake? Hata hapo aliwanyima. Sasa huyo ni mtu wa namna gani?"

Ukaendelea kumenya. Ukasema, bila ubaya wowote, "Ni kama wewe na shangazi."

Sijui ulisikia wapi. Pengine kwa bibi yako, maana alikuwa hai bado na hakuwahi kunisamehe. Nilihisi joto usoni, mimi mtu mzima, mbele ya mtoto mwenye kisu cha viazi. Na nilikuambia nini? Nilikuambia, "Nyamaza, maliza viazi."

Ukanyamaza. Hukuniomba tena hadithi ya Wahindi, na mimi nilijifanya sijaona.

Hilo ndilo kosa ninalotaka ulijue zaidi ya lile la kwanza. La kwanza nililifanya nikiwa kipofu, au tuseme nusu kipofu. La pili nililifanya nimeona. Tangu siku ile jikoni, kila nikitunga uzi nilijua mimi ni nani ndani ya hadithi, na nilikaa nalo miaka kumi. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kujijua vizuri kabisa na asisogee hata hatua. Kujijua huku kukaanza kunipa hata raha fulani ya kijinga. Nilijiona mnyenyekevu. Nilikuwa naweza kukaa kanisani, nikapiga kifua moyoni, nikarudi nyumbani kula viazi vilivyochimbwa pale kijitoni.

Ba alikuwa na hadithi nyingine, ya ufalme mwingine, ambayo sikuwahi kukusimulia kwa sababu iliniuma. Mwana wa kwanza wa mfalme alifukuzwa aende msituni, na mdogo wake akapewa kiti bila kukiomba. Yule mdogo alimfuata kaka msituni kumsihi arudi, na aliposhindwa alimwomba viatu vyake. Akaviweka viatu juu ya kiti cha ufalme. Yeye mwenyewe akakaa chini, akatawala kwa niaba ya viatu miaka yote, mpaka mwenyewe aliporudi. Baba yangu aliniambia, wewe mshikie. Ile hati kwenye sanduku la bati ilipaswa kuwa kama vile viatu. Mimi nilivivaa.

Mama yako hapendi hadithi hizi, unamjua. Anasema ni za miungu mingi na namjaza mtoto mambo. Nilimwambia hata katika Biblia yetu kuna nabii aliyemwendea mfalme na hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake. Mfalme akawaka hasira, akamhukumu mwizi, ndipo nabii akamwambia mtu huyo ni wewe. Angemwambia mapema, mfalme angetafuta wakili. Mama yako alifikiri, akasema, "Basi wewe uliambiwa na mtoto wa miaka minane, na bado ukatafuta wakili."

Kilichonisukuma mwishowe ni wewe tena. Siku kanisa lilipokuombea kwa ajili ya safari, mchungaji alikuuliza mbele ya watu umepewa jina la nani. Ukasema, "La shangazi yangu wa Mikinduri." Akasema vizuri, asimame basi tumwone. Ukasema hayupo. Kanisa zima likageuka likanitazama, na wewe ukaangalia viatu vyako. Niliona ulivyoona haya kwa niaba yangu, nikajua utapanda ndege na haya hiyo.

Jumanne iliyofuata nilikwenda Mikinduri. Nilifika sokoni nikamwona kwa mbali, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, anapanga viazi. Nilikaa juu ya gunia la mtu, karibu na mahali wanapofunga miraa, muda mrefu mpaka mwenye gunia akaniuliza, "Mzee, uko sawa? Nikuitie piki?" Katika hadithi, siku ya vita yenyewe, Mpiga Mshale aliona jamaa zake wamesimama upande wa pili, akaangusha upinde, akakaa chini akitetemeka. Ujana wangu wote nilitaka kuwa yeye. Nilikuwa yeye siku hiyo moja tu, na kwa hapo tu alipokaa chini.

Nilipomfikia hakuinua kichwa. "Unataka debe ngapi?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kwa habari ya pale kijitoni. Ni pako. Baba alisema kabla ya kufa, na mimi nikaficha."

Sasa alinitazama. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Unaumwa?"

"Hapana. Mtoto anaondoka. Sitaki aende na—"

"Kwa hiyo ni kwa ajili ya mtoto," alisema. "Mimi ni wa kumsafishia mtoto njia."

Kagendo, hapo ndipo nilipoona kwamba hata toba yangu nilikuwa nimeikata kwa kipimo changu mwenyewe. Mteja akaja, akapimiwa, akaenda. Nikasema, "Hapana. Ni kwa sababu nilikukosea. Ulikuja na ndengu nikazila, halafu nikakufukuza." Nilisema kwa Kimeru, mbele ya wauza ndizi, na nikalia. Ndiyo, baba yako alilia Mikinduri. Wanaweza kukusimulia.

Yeye hakulia. Alifuta mikono kwa aproni. "Ndengu zilikuwa za kwanza za msimu," alisema. Kisha akasema, "Shamba nitachukua, kwa sababu ni la baba. Chai ya nyumba yako sitakunywa. Hiyo ni habari nyingine."

Yote haya yalifanyika ulipokuwa kwa kaka yako Nairobi ukifuatilia viza. Savea alikuja kupima, mipaka ikawekwa, mama yako akatia sahihi mbele ya bodi ya ardhi kabla sijamaliza kumweleza. Juzi uliporudi uliona mabati mapya kule chini, ukaniuliza ni nani anajenga kijitoni, nami nikakujibu, "Jirani." Mama yako alinitazama akanyamaza, aniachie nafasi. Huo uongo naufuta hapa. Pale ni kwa shangazi yako. Amekaa wiki ya pili sasa, na tukipitana njiani ananisalimia kama anavyomsalimia mtu wa serikali.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliyemaliza. Hadithi za Ba hazikunifanya mwema. Zilichofanya ni kuniondolea mahali pa kujificha, na hata hivyo nilijificha sana. Huko uendako utazikuta kila mahali, nasikia hata kwenye kalenda za dukani. Ukizisikia, au ukisikia hadithi yoyote ya watu wowote, mpende Mpiga Mshale, hakuna ubaya. Lakini halafu tafuta yule unayemchukia kuliko wote, ujiulize polepole kama mmefanana pua. Na ukijiona, usikae miaka kumi unajitazama. Mimi nimekaa kwa niaba yetu wote.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, nitie sahihi. Lakini imebidi niweke kalamu chini, na sasa nairudia, maana kuna mtu amebisha.

Ni yeye. Amelowa mabegani, amevua gambuti zake mlangoni, ana sweta ya bluu aliyokufumia. Amesema, "Kifungo kimoja sijakishona. Nimeambiwa kwa fundi hakukosi sindano." Nimechomoa moja kwenye kola nikampa. Ameketi kwenye kiti cha mama yako. Nimemimina chai nikaiweka karibu naye, na bado iko pale, inatoa moshi. Hajaigusa. Hajasema iondolewe.

Shida yetu sasa ni moja. Amelamba uzi, amejaribu mara nne, umekataa kuingia. Nimechukua mimi, macho yangu nayo ni yale unayoyajua. Tumepokezana sindano hii huku na huku, yeye kwangu, mimi kwake, na mara ya mwisho amecheka kidogo puani.

Tumeiweka mezani, juu ya barua. Ukiingia, kabla hujasoma chochote, njoo ututungie uzi.

Baba yako